Ajali ina kinga: tabia za dereva wa safari ndefu, kutoka Pwani hadi Ndhiwa

Kila ukitokea mkasa wa barabarani, neno la kwanza barazani huwa ni lile lile: ajali haina kinga. Twalisema kwa nia njema, kuwapoza waliofiwa. Lakini limezoeleka mpaka limekuwa mto wa kulalia. Dereva aliyekesha, tairi lililokwisha, abiria aliyehimiza "kanyaga twende, tutachelewa maziko", yote twayafunika kwa maneno matatu hayo.

Mimi siafiki. Kadari twaiamini, na hakuna ajuaye siku yake. Lakini kuamini kadari hakujamzuia mvuvi wa Shela kutazama upepo kabla ya kutweka tanga. Kwa takwimu za mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2024, kutoka watu 4,324 mwaka 2023. Hiyo ni kama watu 13 kila siku. Hesabu inayojirudia namna hii, siku baada ya siku, haiwezi kuitwa bahati mbaya. Ni mazoea, na mazoea hubadilika.

Nimeandika makala haya ili msomaji ayaweke na kuyarudia kabla ya safari ndefu. Nimechagua njia ya Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, kwa sababu mbili. Kwanza, majirani zetu wengi wa Likoni, Changamwe, Mishomoroni na Mtwapa kwao ni Nyanza Kusini, na kukitokea msiba au harusi sisi huandamana nao. Dada yangu mdogo pia amepata kazi huko, kwa hivyo njia hiyo nimeiendesha mara nyingi. Pili, safari hiyo ina kila kitu: barabara kuu yenye malori, mteremko mkali, milima yenye ukungu, na mwisho kabisa kibarabara kinachopita kwenye mashamba ya miwa.

Njia yenyewe

Kutoka Mombasa wapita Voi na Mtito Andei, ambapo ni kama nusu ya njia ya Nairobi. Baada ya Nairobi washuka Mai Mahiu, wapita Narok, Bomet na Sotik, kisha Kisii. Hapo waingia barabara kuu ya A1, ile iendayo Migori na mpaka wa Isebania. Lakini wewe wafika Rongo tu, waiacha A1 na kushika njia ya Homa Bay. Ukifika Rodi Kopany, wakata kushoto kuelekea Ndhiwa. Ukiendelea mbele ya Ndhiwa njia hiyo yakufikisha Sori, ufuoni mwa ziwa, kaunti ya Migori. Jumla ni zaidi ya kilomita 800.

Ukiitazama ramani utaona kitu. Kile kipande cha mwisho, kutoka Rongo hadi Ndhiwa, ni kifupi mno ukikilinganisha na safari nzima. Ndicho kinachonitia hofu zaidi. Dereva hukifikia akiwa amechoka, mara nyingi jua limezama, na moyoni anajiambia "tumeshafika". Macho aliyoyakaza kwenye malori ya Mtito sasa ameyalegeza, ilhali hatari imebadilika sura. Kwenye barabara kuu aliogopa kilicho na kasi. Huku, kinachomngoja ni kile kiendacho polepole au kilichosimama gizani.

Tabia karibu zote nitakazozitaja zinalenga jambo hilo: ufike kipande cha mwisho mchana, macho yako yakiwa mazima.

1. Panga saa ya kufika kwanza

Wengi wetu hupanga saa ya kutoka. "Twatoka baada ya Isha, asubuhi tuko Nairobi, adhuhuri Ndhiwa." Mimi hupanga kinyume. Naanza na saa ya kufika, nayo lazima iwe kabla ya saa kumi na moja jioni. Kule ziwani jua huzama kama dakika 20 baada ya Mombasa, lakini dakika hizo nazihesabu kuwa akiba, sizitii katika ratiba. Tena sehemu za karibu na ziwa hupata mvua mara nyingi mchana ukigeuka kuwa jioni, na wingu zito hufanya saa kumi na moja ionekane saa moja.

Kutoka hapo narudi nyuma. Nairobi hadi Ndhiwa, pamoja na mapumziko, naipa saa 8. Mombasa hadi Nairobi naipa saa 9. Hesabu hiyo peke yake yaonyesha kwamba safari si ya siku moja kwa dereva mmoja. Nalala Nairobi, natoka tena baada ya Alfajiri.

Sheria ya Kenya haimruhusu dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Sisi wenye magari madogo twaona sheria hiyo haituhusu. Lakini mwili hauulizi gari ni la aina gani. Mimi nimeifanya sheria yangu. Kama lazima mwende moja kwa moja, basi wawe madereva wawili, na yule asiyeendesha alale kweli, asikae kupiga soga.

2. Usingizi haushindwi, hulipwa

Watafiti wamelinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akili na mikono yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye kiwango cha pombe cha 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimeharamisha kwa dereva. Sisi ambao hatugusi ulevi twaweza kuwa walevi wa usingizi bila kujua.

Hapa Pwani dawa yetu imekuwa miraa na muguka. Nasema wazi: majani hayo huficha usingizi, hayauondoi. Dereva hujiona mkali, mkono mwepesi, mwendo wapanda. Kisha nguvu zikishuka, usingizi wote aliokuwa akiukopa huja kudai mara moja, na huja barabarani.

Dalili zijue. Kupiga miayo mfululizo. Kukanyaga mstari wa kando. Kushtuka kwamba hukumbuki kilomita chache ulizopita. Ukiona moja kati ya hizo, kufungua dirisha au kupandisha sauti ya redio hakusaidii. Simama pahali salama penye watu, kama kituo cha mafuta, ulale dakika 20. Ukinywa kahawa, inywe kabla ya kulala huko, kwa sababu huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi.

Msafiri Muislamu amewekewa wepesi wake, na ratiba ya mapumziko imo ndani yake. Sala hupunguzwa na huunganishwa. Mimi husimama Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa utulivu, natia udhu, nanyoosha mgongo, nakula kidogo. Misikiti ipo Narok, Kisii na Migori. Aliyefunga Ramadhani pia ameruhusiwa kula akiwa safarini na kulipa baadaye. Dereva aliye na kiu tangu asubuhi, anayekimbizana na adhana ya Magharibi ili afuturu mjini, ni hatari kwake na kwa watu wengine.

3. Gari likaguliwe siku tatu kabla

Kukagua asubuhi ya safari ni kuchelewa, maana kasoro ukiiona utajishawishi kwamba "itafika tu". Siku tatu zatosha kwenda kwa fundi na kurudi.

Tairi. Tazama meno yake, na utazame umri wake. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu laweza kuwa na meno mazuri na mpira wake umekauka. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, na spea nayo ipimwe. Lisiloangaliwa ndilo huwa bapa siku ya haja.

Breki. Ukisikia mlio wa chuma, au padeli ikizama zaidi ya kawaida, usisafiri.

Taa. Washa zote, mtu azunguke gari: za mbele, za nyuma, za breki, indiketa. Futa vioo vya taa. Vumbi la njiani na wadudu wa ziwani hupunguza mwanga bila wewe kutambua.

Vifaa. Pembetatu mbili za onyo zinazong'aa, kizima moto, jeki, spana ya tairi, tochi, kisanduku cha huduma ya kwanza, na fulana ya kung'aa. Watu hugongwa wakibadilisha tairi usiku kwa sababu wamevaa nguo nyeusi kando ya gari lililozimwa taa.

Mzigo. Gunia la nazi na kreti za soda zipangwe chini, zifungwe. Zisifunike kioo cha nyuma.

4. Mshipi, mbele na nyuma

Shirika la Afya Duniani lasema mshipi waweza kupunguza hatari ya kifo kwa hadi nusu kwa walioketi mbele. Hilo wengi walijua tangu zile kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004, zilizotia mishipi na vidhibiti mwendo kwenye matatu. Tulichosahau ni kiti cha nyuma. Abiria wa nyuma asiyefunga mshipi, gari likigonga, hurushwa mbele kwa kasi ile ile ya gari na kumponda aliye mbele yake. Bibi aliyeketi nyuma kwa heshima naye afungwe mshipi kwa heshima.

Mtoto kupakatwa na mamake kiti cha mbele ni jambo la kuacha leo. Mikono ya mama haiwezi kumzuia gari likisimama ghafla. Mtoto mdogo akae nyuma, kwenye kiti chake cha gari.

5. Mwendo na nafasi

Sheria iko hivi: gari dogo, kilomita 110 kwa saa kwenye barabara pana yenye pande mbili zilizotenganishwa, na 100 kwenye barabara ya kawaida. Matatu, basi na lori kubwa, 80. Mjini na sokoni, 50. Huo ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa, na hali ya njia yaweza kudai chini yake sana.

Fikiria hivi. Ukienda kilomita 100 kwa saa, gari lakata mita 28 kila sekunde. Jicho kuona na mguu kufika kwenye breki huchukua kama sekunde moja na nusu, yaani mita 42 zimekwisha kabla breki haijashika. Kisha gari lahitaji mita 55 hivi kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni karibu mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Kwa kilomita 50 kwa saa, jumla ni kama mita 35. Mwendo umezidi mara mbili, lakini nafasi ya kusimama imekaribia mara tatu. Mvua ikinyesha, ongeza.

Kwa hivyo acha nafasi ya sekunde tatu kati yako na gari la mbele. Chagua alama, mti au nguzo. Gari la mbele likiipita, hesabu "mia na moja, mia na mbili, mia na tatu". Ukiifikia alama kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua au ukungu ukianguka, kama unavyoanguka kwenye mteremko wa Mai Mahiu na milima ya Kisii, hesabu hadi mia na sita. Mtu ataingia kwenye nafasi yako, atakuudhi. Mwache, uanze kuhesabu upya.

6. Kupita gari la mbele

Kati ya Mtito Andei na Sultan Hamud hapa ndipo subira hupimwa. Malori kumi yamefuatana, nyuma yako basi lapiga honi. Masharti yangu ni manne. Naona mbele mpaka mwisho wa nafasi nitakayohitaji, na ziada. Hakuna mstari usiokatika. Hakuna njia panda, daraja wala kilele cha mlima. Na mbele ya lori ninalolipita kuna nafasi ya mimi kurudi. Likikosekana moja, nabaki nilipo.

Madereva wa malori wana lugha yao: indiketa ya kushoto kukwambia pita, ya kulia kukwambia ngoja. Ya kulia naitii daima. Ya kushoto naishukuru, kisha natazama kwa macho yangu. Huenda yeye anakata kushoto kweli, au ameona gari la mbele lakini hajaiona pikipiki.

Na nikipitwa mimi, hata kwa ujinga, napunguza mwendo ili yule arudi upande wake. Kushindana naye ni kujiweka katikati ya ajali yake.

7. Mteremko hushukwa kwa gia

Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ripoti za mwanzo zilitaja breki. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliyavamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, wakafa watu 52.

Breki zikikanyagwa mfululizo mteremkoni hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu. Dawa yake ni ya zamani: shuka na gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Ingiza gia ndogo juu, kabla hujaanza kuteremka, uiache injini ishike gari. Magari ya otomatiki nayo yana nafasi ya gia ndogo, alama ya L, 2 au S. Tafuta lako likiwa limesimama nyumbani. Kamwe usiteremke na gia ya bure ukidhani waokoa mafuta. Na ukisimama kununua mahindi ya kuchoma au viazi, simama mbali na lami, pasipo mwisho wa mteremko.

8. Usiku, taa na trekta la miwa

Ndhiwa ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Sukari Industries kiko huko huko, na cha Sony kiko Awendo, hapo jirani katika kaunti ya Migori. Miwa husafirishwa kwa matrekta yanayovuta matrela, mchana na usiku, na mengi hayana taa za nyuma. Miwa iliyojaa huning'inia na kuziba hata kile kibati cha kung'aa.

Hesabu tuliyoifanya juu ndiyo itakayokuonyesha hatari. Taa za chini za gari dogo huangaza mita 50 hivi mbele yako. Ukienda kilomita 90 kwa saa, wahitaji zaidi ya mita 80 kusimama. Ina maana kwamba trela lililoharibika katikati ya njia utaliona ukiwa huna tena nafasi ya kuliepuka. Huo si uzembe wa macho. Macho yako yamefanya kazi sawa, mwendo wako ndio umeyapita. Kwa kilomita 60 kwa saa wahitaji kama mita 45. Hiyo ndiyo sababu ya tabia hii: usiku, kwa taa za chini, kwenye njia isiyo na mataa, 60 ndiyo mwisho wangu, hata lami iwe nzuri vipi.

Taa kali za juu zitumie njia ikiwa tupu, uzishushe gari likitokea. Likija na taa kali usiyalipize. Punguza mwendo, kisha tazama mstari wa kushoto mpaka lipite.

Jifunze pia alama ya majani. Gari likiharibika kule bara, utingo hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani, umbali fulani kabla ya gari. Ukiona majani mabichi kwenye lami, usijiulize yametoka wapi. Punguza papo hapo, jiandae kusimama. Na ukiharibikiwa wewe, ondoa matawi na mawe uliyoyaweka kabla hujaondoka. Jiwe lililosahauliwa njiani laua mwenye pikipiki anayefuata.

9. Kutoka Rodi Kopany mpaka Ndhiwa

Hapa barabara ni ua wa watu. Watoto huenda shule kwa miguu asubuhi na kurudi alasiri. Ng'ombe huvuka, na mmoja akivuka wengine wanamfuata, kwa hivyo usimpishe wa kwanza kisha ukakanyaga mafuta. Bodaboda hutokea kwenye vijia vya mashamba bila kutazama, imepakia watatu na gunia la mahindi. Siku ya soko, nusu ya wachuuzi wamo kando ya lami. Ukitazama miguu iliyo chini ya matatu iliyosimama, utajua kama kuna mtu yuko karibu kuvuka. Mwendo hapo ni ule wa mjini, 50 au chini, hata kama hakuna kibao.

Kwenye lami yenye mvua ya kwanza, mafuta na vumbi huchanganyika na kuteleza. Ukiiacha lami, sehemu nyingi za huko zina udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha hugeuka sabuni. Nenda na gia ndogo, usukani taratibu, usikanyage breki ghafla. Maji yakipita juu ya daraja dogo, usiyapime kwa tairi. Ngoja yapungue, hata ikiwa saa nzima.

Jambo moja la huko lahitaji adabu zaidi. Mazishi mengi ya Nyanza hufanyika mwisho wa wiki. Maiti hutolewa chumba cha kuhifadhia, hasa Ijumaa, na msafara huandamana nayo: magari yenye matawi, pikipiki zikipiga honi, vijana wakining'inia madirishani. Tabia ni kukaa kando, kupisha wote, na kutojaribu kuupita. Ikiwa wewe umo ndani ya msafara, usiukimbize. Tarehe 8 Agosti 2025 basi lililobeba waliotoka mazishini lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic mjini Kisumu, wakafa zaidi ya watu 20. Familia moja ilizika, kisha ikaanza kuzika tena.

10. Simu

Hapa sina maneno mengi. Shirika la Afya Duniani lasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali kama mara nne kuliko asiyetumia. Kuzungumza bila kuishika simu hakubadilishi sana, kwa kuwa akili ndiyo iliyoondoka garini. Mpe abiria simu yako, yeye ajibu. Ukiwa peke yako, iweke kimya, usome ujumbe ukisimama.

11. Dereva ni nahodha

Tabia zote hizi huvunjwa na kitu kimoja, nacho ni maneno ya watu. "Wazee wanatungoja." "Maiti yatoka saa nne." "Fulani alitumia saa 12 tu." Dereva kijana, aliyepewa gari na wajomba zake, huona haya kusema amechoka.

Sisi ni watu wa bahari. Kwenye jahazi kuna abiria wenye umri, wenye mali na wenye elimu, lakini pepo zikichafuka neno ni la nahodha. Akisema twatia nanga, watu hutia nanga. Dereva naye apewe cheo hicho. Kabla ya kuwasha gari, mkubwa wa msafara aseme mbele ya wote: dereva akitaka kusimama, tunasimama, na hakuna wa kumuuliza. Neno hilo likitoka kwa mzee, kijana hatalala kwenye usukani kwa haya.

Na abiria ana haki yake. Dereva wa matatu akikimbiza, mwambie mapema, kwa upole, na wengine wamuunge mkono. Asiposikia, shuka penye kituo. Nauli iliyopotea hulipika.

12. Ukikuta ajali

Simama mbele ya ajali au nyuma yake kwa umbali, nje ya lami, washa taa za tahadhari, weka pembetatu yako mbali. Piga 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa 1199. Majeruhi asivutwe mikono wala miguu, isipokuwa gari lawaka moto. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kitambaa safi kilichobanwa kwa nguvu. Na lori la mafuta likipinduka, kimbia mbali na uwakimbize wengine. Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea walipokwenda kuchota.

Ya kubandika kwenye kioo

Ukitaka kuyafupisha yote haya yakae kwenye karatasi moja, andika hivi:

Nitafika kabla ya saa kumi na moja jioni, au nitalala njiani.
Saa 8 kwa siku, basi.
Kila aliyemo amefunga mshipi.
Sekunde tatu kwa jua, sita kwa mvua.
Mteremko kwa gia.
Usiku kwa taa za chini, 60.
Nikichoka nitasema, na hakuna atakayeninyamazisha.

Tukisha kuyatimiza hayo, tusome dua ya safari na tumwachie Mola yaliyobaki. Na siku nyingine mtu akisema barazani kwamba ajali haina kinga, tumuulize kwa upole: dereva alikuwa amelala saa ngapi?